Mrija wa Mzee Andongwisye

Nimewahi kuzikuta kalamu za zamani mahali pengi pasipo na heshima: kwenye kopo la misumari, ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake, na moja ilikuwa imechomekwa kwenye komeo la banda la kuku. Lakini ile niliyoihitaji kuliko zote nilimkuta nayo mzee mmoja wa Ikolo, anainyonya.

Mimi ni Atupele. Nina duka la steshenari pale Mbugani, Kyela mjini: meza moja, mashine ya fotokopi, printa yenye hasira za karibu, na mlango unaofunguka kwa teke. Wateja wangu wengi ni watu wazima wanaoleta vyeti kunakili, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Mwalimu mmoja mstaafu alitoa mfukoni kalamu ya wino wa chupa, nyembamba kama bua la mpunga, akasaini, akairudisha taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Tangu siku hiyo nikawa mkusanyaji. Zile nene sizitaki. Naona kama gunzi lenye kifuniko. Nataka nyembamba, zile za wakati makarani walipovaa shati la mfuko mmoja na mfuko ulitakiwa ukae bapa. Ninazo kadhaa, zimelala kwenye kasha la miwani chini ya kaunta. Mtu akisikia nakusanya kalamu kuukuu, kwanza huuliza kama ni mradi wa wafadhili. Nikisema si mradi, husogea nyuma kidogo.

Sasa, bibi yangu mzaa mama anaitwa Kisa, mwalimu mstaafu, anakaa Mwaya. Tangu mama yangu hajazaliwa, Bibi ndiye anayeandika kadi za ubatizo za ushirika wao, kwa mkono. Herufi zake zinainama kulia kama mpunga uliokomaa. Watu huzitia kadi hizo kwenye fremu. Kuna waliohamia Dar, wakiitoa kadi ofisini, wanaulizwa kama wameiiba makumbusho.

Kadi zote hizo ameziandika kwa kalamu moja. Kifuniko cha chuma cheupe, mwili mweusi, mwembamba, na kwenye ukingo wa kifuniko maandishi madogo ya kupofusha: W. Germany. Yaani ni ya enzi zile Wajerumani walipokuwa na nchi mbili, na hii ni ya ile ya magharibi. Bibi aliinunua alipoanza kazi. Siku hizi viungo vya vidole vyake vimevimba, kalamu nene inamtoka mkononi kama samaki hai, lakini ile ilikuwa inakaa yenyewe.

Mwaka huu, kabla mvua hazijachanganya, ilimdondoka akishuka kwenye bodaboda. Dereva, kijana mwenye adabu, akarudisha pikipiki nyuma ili amuage vizuri, na gurudumu likapita juu ya kalamu. Kifuniko kilipona. Shingo na nibu, ile ncha ya kuandikia, vilipona, na kifuko cha wino kinachoning'inia nyuma ya shingo nacho kikapona. Lakini kiwiliwili, lile bomba la nyuma la kushikia, kikawa vipande kama ganda la karanga.

Mchungaji wao ni mgeni, kijana, mpole. Akasema kama mwalimu amechoka hakuna neno, kadi za Pasaka za ubatizo zinaweza kuchapwa kwenye kompyuta, tena kwa mjukuu wake mwenyewe pale Mbugani. Zinatakiwa ziwe tayari Jumapili ya Matawi. Alisema kwa nia njema kabisa, na ndiyo maana iliuma. Kila mtu anajua kitu kikishaingia kwenye kompyuta hakitoki. Bibi alinisimulia bila kulalamika. Akasema, "Basi, mtachapa," kisha akaendelea kumenya ndizi, akaimenya moja mpaka ikabaki saizi ya kidole.

Nimemtania Bibi tangu nilipojua kuongea. Siku ile nilichukua kisu nikamsaidia kumenya. Mimi na printa yangu ndio tuliokuwa tunamstaafisha kwa mara ya pili.

Nilimpelekea kasha langu lote la miwani. Alizijaribu moja baada ya nyingine, kwa subira ya mwalimu anayesahihisha madaftari ya darasa bovu. Moja ilikwaruza. Moja ilivuja. Moja, alisema, inaandika kana kwamba inaomba ruhusa. Kosa halikuwa la kalamu. Nibu ya kwake imelika upande mmoja kwa miaka yote ile, imefuata mlalo wa mkono wake, na nibu ya namna hiyo hainunuliwi.

"Zako ni nzuri," akanifariji, "ila zimezoea watu wengine."

Kwa hiyo kazi ilikuwa moja: kuitafutia shingo ile ile kiwiliwili kingine.

Nikaenda kwa Fundi Haruni, fundi saa wa Mbugani, ambaye naye ana ugonjwa kama wangu. Ukoo wao ulitokea Tanga zamani. Yeye hunitania kwamba Mnyakyusa hata chai anaweza kuitilia ndizi, nami humkumbusha kwamba walikuja Kyela kuonja wali mara moja tu, mpaka leo wameshindwa kuikumbuka barabara ya kurudi. Tukishamaliza hayo ndipo tunafanya kazi. Aliweka kioo chake cha jicho, akaikagua shingo ya kalamu ya Bibi, akajaribu kuifunga kwenye viwiliwili vyote tulivyokuwa navyo, vyangu na vyake. Hakuna kilichokubali. Akasema hesi yake, ile mizunguko ya kufungia kama ya skrubu, ni nyembamba mno, ya mashine, mkono wa mtu haukati hivyo.

Ila alikuwa na habari njema. Marehemu baba yake, mzee Mansuri, aliwahi kuziuza kalamu hizo hizo dukani kwake, pamoja na taa za chemli na kanga. Zilinunuliwa na walimu na makarani. "Haziwezi kuwa zimekufa zote," akasema, akanipa alama tatu za kumtambua mwenzake. Ya kwanza, mdomoni mwa kiwiliwili pana pete nyembamba ya chuma cheupe. Ya pili, weusi wake si weusi kamili. Ukiuelekeza juani unatoa wekundu wa kahawa. Ya tatu, mkia wake unachongoka taratibu mpaka kwenye ncha.

Nikaanza kuzunguka. Kwa walimu wastaafu, kwa wajane wa makarani, kwa mzee mmoja aliyewahi kuandika mahakamani. Nilioneshwa kalamu nene, kalamu za risasi, hata kipimajoto. Wiki zikaenda, Kwaresima ikafika nusu, na mvua ikanyesha kwa namna inavyonyesha kwetu, kana kwamba kuna mtu ameambiwa amwage yote kabla hajafunga duka.

Jumamosi moja nikapita Ikolo kwa shangazi yangu Angetile, dada yake baba. Shangazi anapika kimpumu, pombe ya ulezi. Haimiminwi kwenye glasi. Chungu kinawekwa katikati, wazee wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wa tete, na mwenye nyumba anazidi kuongeza maji ya moto juu ya machicha kadiri wanavyovuta. Shangazi alikuwa na wageni wengi, akanipa birika. Nikachuchumaa, nikawasalimu wazee mwagonile, wakaitika ndaga, nikaanza kumimina.

Na hapo nikaiona pete ya chuma cheupe.

Ilikuwa kwenye mrija wa mzee mwembamba mwenye kofia ya pama. Tete lake lilipofika juu lilikuwa limeingizwa kwenye kitu cheusi, na hicho ndicho kilichokuwa midomoni mwake. Jua lilikuwa limechomoza baada ya mvua. Akageuza kichwa kucheka, na weusi ule ukatoa wekundu wa kahawa. Alama mbili. Ya tatu, ule mkia, ilikuwa ndani ya mdomo, na hata alipoutoa mrija ili aongee aliuziba juu kwa kidole gumba, inzi asiingie.

"Binti," akaniambia, "chungu kiko huku. Hapo unapomwagia ni kiatu changu."

Shangazi akanijulisha: huyo ni mzee Andongwisye, zamani karani wa mizani ya kakao. Nikaomba radhi kwa kiatu, nikauliza habari za mrija. Alifurahi kuulizwa. Kalamu aliinunua kwa Mansuri, akaandikia uzito wa kakao ya Ikolo nzima, mpaka siku ilipomponyoka mtoni wakati anavuka, akabaki na kipande cha nyuma tu mkononi. Baadaye meno ya mbele ya juu yakamwondoka, tete tupu likawa linamchoma ufizi, akakumbuka kile kipande. Kilikaa kwenye pengo kana kwamba kiliumbwa kwa ajili yake. Wenzake kwenye chungu wanamwita Karani mpaka leo kwa sababu ya mrija huo.

Nikamweleza shida yangu. Nilimweleza yote, Bibi, kadi, Jumapili ya Matawi, mpaka ile ndizi aliyoimenya. Wazee wengine waliacha kuvuta wakasikiliza.

"Mrija wa mtu hauombwi," mzee Andongwisye akasema mwisho. Akavuta kidogo, akafikiri. "Lakini mwalimu Kisa namjua. Fanya hivi. Niletee kitu kinachokaa hapa," akanionyesha pengo, "kisinichome, na hawa wasinicheke. Ukileta, huu ni wako."

Wale wazee wakapiga makofi. Nadhani walikuwa wamekosa burudani tangu mavuno ya mpunga.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa eria ya redio, ile antena ya chuma. Niliikata, nikaisugua, ikang'aa, nikajivuna. Nilisahau kwamba maji ya kimpumu ni ya moto na chuma ni chuma. Mzee alivuta mara moja, akaruka, na alipopata sauti akanitangazia kwamba redio yangu inashika stesheni ya jehanamu peke yake. La pili lilikuwa mrija wa plastiki wa kunywea soda, wenye mistari myekundu. Huo haukumchoma, ila jirani yake alimuuliza kwa upole kama leo amekuja na mama yake. Mzee akautoa mdomoni akanirudishia.

Ikabaki wiki moja. Nikaenda kando ya mto nikakata mwanzi mwembamba uliokauka vizuri, nikampelekea Haruni. Nilimpa vipimo vya pengo, urefu na unene, nikamwomba autoboe sawasawa na kuulainisha. Haruni ni mtu wa swala tano. Aliutazama mwanzi, akanitazama mimi.

"Usiniambie ni wa nini," akasema.

"Sijasema."

"Na usiseme. Mimi hapa nachonga mwanzi."

Aliuchonga kwa tupa zake za saa, akaupiga msasa mpaka ukawa laini kama jino la mtoto, na kwenye mdomo wake akauvisha pete ya shaba aliyoitoa kwenye saa iliyokufa. Ulipendeza kiasi kwamba nilitamani kuanza kukusanya na mirija.

Jumatano Shangazi alikuwa na chungu kingine. Mzee Andongwisye akaufunga mwanzi kwenye tete jipya, akauweka kwenye pengo, akavuta. Akavuta tena, safari hii kwa muda mrefu, macho amefumba. Wenzake walikuwa wamekwisha kujiandaa kucheka, wakabaki na vicheko vyao. Jirani yake, yule wa habari za mama, akaniuliza kando kama fundi wangu anapokea kazi nyingine.

Mzee akachomoa kile cheusi kutoka kwenye tete lake la zamani, akakifuta kwenye koti, akakiweka kiganjani mwangu.

Nilikigeuza nikitafuta alama ya tatu. Mkia haukuwepo. Pale palipotakiwa kuwa na ncha palikuwa na tundu. Niliweka jicho, nikamwona mzee Andongwisye kwa upande wa pili, ananitazama.

"Tata," nikasema, "kimekatwa."

"Kimekatwa, ndiyo. Nilikata mwenyewe kwa msumeno."

"Kwa nini?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Mjukuu wangu," akasema, "wewe ulitaka pombe ipite wapi?"

Nitakuwa mkweli, duara zima lilicheka mpaka mmoja akaangusha kofia yake kwenye chungu. Mimi, mtambuzi wa kalamu wa Mbugani, niliyetambua pete kutoka upande wa pili wa duara na wekundu wa kahawa kwenye jua la dakika moja, nilikuwa nimemvizia mzee wiki tatu nikidhani anavuta pombe kupitia kitu kilichozibwa.

Njiani kurudi nilikuwa kama mtu anayetoka kwenye mtihani aliousomea somo lingine. Jumapili ya Matawi ilikuwa inakuja, na nilichokuwa nacho mfukoni ni bomba linalonuka ulezi. Haruni nilipomsimulia alicheka mpaka kioo cha jicho kikamdondoka. Kwa hasira, na pia ili nisimtazame, nikachukua shingo ya kalamu ya Bibi nikaifunga kwenye lile bomba. Ikaingia. Ikazunguka laini, mzunguko mmoja, miwili, na mwisho ikajibana na kutulia kama mlango wa kabati la mtu tajiri.

Niliitazama kalamu ile, kichwa kizima na makalio wazi, na ndipo akili ikarudi nyumbani. Wino haukai kwenye kiwiliwili. Unakaa kwenye kile kifuko cha mpira kinachoning'inia kwenye shingo, na kifuko kilikuwa kizima tangu mwanzo. Kiwiliwili ni koti tu. Koti lenye tundu bado ni koti.

Nilimwambia Haruni, naye akaacha kucheka. Alitafuta kifungo cheusi cha koti, akakipunguza kwa tupa mpaka kikaenea tunduni, akakigundisha na kukisugua. Ikawa kalamu fupi kidogo, yenye mkia butu.

Ikabaki harufu. Niliosha kwa maji vuguvugu, nikaosha kwa sabuni, nikasugua kwa limau, nikaianika dirishani. Kuichemsha sikuthubutu, ingepinda. Ilipungua, lakini mtu mwenye pua angeijua. Na Bibi yangu ni mzee wa kanisa. Kimpumu haingii kwake hata kwa jina. Tukimtaja Shangazi Angetile mbele yake, tunasema "anafanya biashara".

Ijumaa nilikwenda Mwaya. Bibi alikuwa amekaa barazani, kadi tupu zimepangwa mezani chini ya jiwe, ingawa hakuwa na cha kuandikia. Nadhani alitaka tu kuzitazama kabla hazijachukuliwa. Nilimpa kalamu bila hotuba. Aliigeuza, akaipima kwa vidole, akagusa mkia butu, hakuuliza. Akafungua chupa ya wino, akaijaza, akafuta nibu kwa kitambaa, akavuta karatasi kuukuu na kuandika jina la kwanza lililomjia. Liliinama kulia, bila kutetemeka, kama mpunga uliokomaa. Akaandika na la pili. Mabega yake yalishuka, nami nikagundua kumbe siku zote hizo alikuwa ameyapandisha.

Kisha akaacha kuandika. Akaisogeza kalamu puani.

Nilikuwa nimejiandaa na uongo wa aina tatu, wote ukanikimbia kwa pamoja.

"Hii imetoka wapi?"

"Ikolo, Bibi."

"Kwa nani?"

"Kwa mzee Andongwisye."

"Alikuwa anaandikia nini?"

"Alikuwa haandikii, Bibi."

Akainusa tena, bila haraka, uso umetulia kama anavyokuwa akisoma Zaburi. Mimi nikachagua kigae kimoja cha sakafu nikakitazama.

"Kimea cha Angetile," akasema. "Siku hizi anakiunguza."

Nilimtazama. Nimemjua bibi huyu maisha yangu yote, nimemkagua kwa karibu kuliko kalamu yoyote, na nilihisi nimesoma maandishi ya kwenye kifuniko tu, sijawahi kumfungua.

"Unashangaa nini?" akasema. "Ulifikiri nilizaliwa kanisani? Leta kadi."

Nikatoa jiwe, nikamsogezea ya juu. Alikuwa ameandika rundo la kutosha pale mchungaji aliposimamisha baiskeli uani. Alikuja kuchukua kadi anipe nikazichape. Alisalimia, akaona meza, akaokota moja iliyokauka. Aliitazama kwa muda, akalipitia jina kwa kidole bila kuligusa, kama mtu anayeogopa kuliamsha. Habari za kompyuta hakuzitaja. Aliuliza tu kama mwalimu atapata nafasi ya kuandika na zile za Pentekoste.

"Kalamu ipo," Bibi akamjibu, bila kuinua kichwa.

Mchungaji aliinama mezani kuisifu kalamu. Akainama zaidi. Nikaona pua yake imesita, macho yake yamemwendea Bibi, yakarudi kwenye kalamu, na yeye mwenyewe akaamua kwamba amekosea. Akaaga upesi kuliko alivyokuja.

Bibi aliendelea kuandika. Alinituma nimpelekee mzee Andongwisye ndaga fijo yake, asante sana ya kwetu, na kwa Angetile nikaseme apunguze moto, lakini nisiseme nani amenituma. Mpaka jua linapungua nilikuwa nimekaa kando yake, kazi yangu ikiwa kupuliza wino ukauke, mpaka akanifukuza kazi hiyo nayo kwa sababu nilikuwa napuliza huku nacheka, na tone la mate lilikuwa karibu kumbatiza mtoto wa watu kabla ya Pasaka.